Mstari Ambao Térence Hakuusoma

Sehemu ya tisa

“Térence, ile barua hukunisomea yote.”

Hayo ndiyo maneno yaliyotuachanisha wiki iliyopita, msomaji wangu. Térence alikuwa na kisu mkononi, paja la ng'ombe mbele yake juu ya meza ya chuma, na Erukana amesimama mlangoni ameshika bahasha ya serikali iliyokunjwa mara nne.

Térence hakugeuka. Aliogopa uso wake ungesema kabla ya mdomo.

“Barua ipi?”

“Serikali imeniandikia barua ngapi, ssebo? Ile ya kuninyima ruzuku. Jana baada ya ibada nilimpa Tania wa kwaya aisome. Yule amesomea hapa, Kisweden chake ni cha kuzaliwa nacho. Akafika katikati, akasimama. Akaniuliza, huu mstari hukuambiwa?”

“Mstari gani?”

“Wanasema tarehe kumi na mbili Machi waliniandikia. Karatasi mbili zilikuwa zinakosekana, wakanipa wiki mbili nizilete. Hazikufika. Ndiyo maana walifunga faili.” Erukana aliingia, akaifungua bahasha, akaulaza ule waraka juu ya meza, karibu kabisa na damu. “Fomu tuliijazia kwenye kompyuta yako. Anwani ya barua pepe tuliyoandika ni yako, kwa sababu mimi yangu siijui hata inavyofunguliwa. Sasa nikuulize, muganda wange, ndugu yangu. Hiyo barua ya Machi uliipata?”

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu.

“Sikuipata,” alisema Térence.

Erukana akaipiga meza kwa kiganja. “Nilijua! Nilimwambia mke wangu Eseza! Nilisema, Térence angeipata angenikimbilia kabla hajamaliza kuisoma. Basi ni huyu hapa.” Kidole chake kinene kilishuka mpaka chini ya ukurasa. “Rebecka. Ndiye aliyesaini. Alisahau kutuma, akaandika kwamba ametuma. Mtoto wa watu kanimaliza kwa uvivu wake.”

“Na ule mstari,” Térence alianza, “niliuruka kwa sababu…”

“Najua kwa nini uliuruka.” Erukana akamwekea mkono begani. “Ulinionea huruma. Ulijua ningejilaumu mpaka niugue.”

Wapo watu ambao wakiponea chupuchupu hivyo humshukuru Mungu. Térence alirudi kwenye paja la ng'ombe, akalikata pasipotakiwa.

Kwa wewe uliyekosa sehemu za nyuma, nikueleze upesi, maana mambo hayatusubiri.

Wanaume hawa wanapanga jengo moja kule Hässelby, Stockholm, mwisho wa reli ya kijani. Mlango wa kushoto ni wa Térence, Mrundi wa mji wa Ngozi, mtu wa mishikaki na nyama ya kukausha. Mlango wa kulia ni wa Erukana, Mganda wa Masaka, mtu wa soseji za ng'ombe za kuvukizwa moshi, na wa matumbo anayoyasafisha mpaka yanakuwa meupe kama taulo za hoteli. Chumba cha baridi ni kimoja, wanagawana. Ng'ombe wananunua kwa mkulima mmoja wa Uppland. Kwa miaka kumi na moja hakuna harusi ya Warundi wala msiba wa Waganda Stockholm nzima uliokula nyama ya mtu mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka serikali ilitangaza ruzuku kwa wasindikaji wadogo wa nyama ya ng'ombe, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Mashine, sakafu, vyumba vya baridi, vyote vingelipiwa sehemu kubwa. Erukana aliihitaji kuliko mtu yeyote. Mkaguzi wa usafi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba sakafu yake na mashine yake ya kusagia vibadilishwe, la sivyo angefunga kabla mwaka haujaisha.

Wakaomba wote wawili. Térence, anayejua Kisweden, akajaza fomu zote mbili.

Tarehe kumi na mbili Machi, saa tatu asubuhi, barua ya Rebecka ikaingia kwenye kompyuta ya Térence. Waswidi huiita komplettering: lete kilichopungua. Kwenye faili la Erukana kilipungua kitu kidogo sana, bei ya mashine kutoka kwa muuzaji, na mchoro wa jengo unaoonyesha nyama mbichi inapita wapi na iliyoiva inapita wapi. Mchoro huo Térence alikuwa nao kwenye droo. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Akajibu palepale: Asante, tumeipata, tutaleta. Akasaini jina lake.

Na nia yake, Mungu ndiye shahidi, ilikuwa kuleta.

Lakini kesho yake akapiga simu kuulizia faili lake mwenyewe. Sauti ya upande wa pili ikamwambia kwamba fungu la mkoa linakaribia kwisha, na mafaili yaliyokamilika ndiyo yanaamuliwa kwanza. La Térence lilikuwa limekamilika. Akawaza, acha langu lipite, kisha nitapeleka la Erukana siku ya mwisho. Siku ya kumi na tatu ya zile wiki mbili la kwake likapita. Siku ya kumi na nne akakaa mbele ya kompyuta, mchoro mkononi, na wazo likamjia: kama fungu ni dogo hivyo, je, wakilihesabu upya, langu lisije likapunguzwa? Akasema nitatuma baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula akasema nitatuma jioni.

Siku ya kumi na tano haikuwa na haja tena.

Sasa turudi kwenye ile meza.

“Nimeshapiga simu ofisini kwao leo asubuhi,” Erukana alisema. “Tania alinisaidia. Wametupa nafasi Alhamisi saa nne. Atakuwepo huyo Rebecka na mkuu wake. Wewe utaniandikia malalamiko, na utakuja unitafsirie.”

“Mimi?”

“Nani mwingine? Mtu wa kukodi atajua nini kuhusu miaka yangu kumi na moja?” Erukana akacheka, kisha kicheko kikakatika. “Mwisho wa mwezi huu narudisha funguo, Térence. Nimepata kazi ya kutoa mifupa kwenye kiwanda kimoja kikubwa, mbali, mwendo wa treni wa saa mbili na nusu. Umri wangu ni miaka hamsini na tisa. Nitasimama kwenye mstari na vijana, kila mmoja na mfupa wake mmoja, siku nzima. Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho.”

Térence alitazama ukutani, ambako mashine yake mpya ya kufungashia nyama ilikuwa inang'aa. Juu yake kulikuwa na kibandiko kidogo cha bendera, kinachotangaza kwamba imenunuliwa kwa msaada wa serikali.

“Nitakuja,” alisema.

*

Jumatano mchana alikuwa nyumbani Fisksätra, kompyuta mezani. Emérithe, mkewe, alikuwa anapiga pasi sare yake ya hospitali, maana zamu yake Flemingsberg ilianza saa tisa. Annick, binti yao, alipita na mkate mdomoni, baba akamwuliza habari za shule kwa Kirundi, akajibiwa kwa Kisweden, mlango ukafungwa.

“Unaandika nini, Baba Annick?”

“Malalamiko ya Erukana. Kuhusu ruzuku.”

Pasi ilisimama kidogo. “Analalamikia nani?”

“Kuna mwanamke ofisini. Rebecka. Inaonekana hakutuma barua aliyopaswa kutuma.”

“Inaonekana kwa nani?”

Térence akarudi kwenye kompyuta. Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye sentensi ngumu kuliko zote. Hatukupata ujumbe wowote kutoka kwenu. Aliiandika, akaifuta. Akaiandika tena. Kisweden chake kilikuwa safi, bila kosa hata moja, na hilo lilimtia aibu zaidi.

Emérithe alikuja nyuma yake. Alisoma, au labda hakusoma. Alisimama muda mrefu, harufu ya nguo ya moto ikimzunguka.

“Erukana ana bahati kuwa na wewe,” alisema. Akarudi kwenye pasi yake.

Térence alijiinamia. Aliona kila herufi mbele yake imekaa kama inzi kwenye nyama.

Angeweza kumwambia pale pale. Mkewe alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Eseza, mke wa Erukana, ndiye aliyempokea Emérithe alipofika nchi hii na begi moja na mimba ya miezi saba. Ndiye aliyemshika mkono siku Annick alipozaliwa. Angesema, Mama Annick, kaa chini. Maneno matano yangetosha.

Akachapisha malalamiko, nakala tatu.

*

Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano, walikaa kwenye chumba cha vioo, ghorofa ya nne. Erukana alivaa koti la kanisani. Alikuwa amejipaka mafuta mikononi, lakini makovu ya visu hayafichiki kwa mafuta.

Wanawake wawili waliingia. Mmoja wa makamo, nywele fupi, akajitambulisha kuwa Hanna, mkuu wa kitengo. Wa pili alikuwa Rebecka.

Térence alikuwa amemtengeneza kichwani mwake kuwa mtu wa kiburi. Aliyeingia alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kucha zimetafunwa, faili amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

“Na wewe?” Hanna alimwuliza Térence.

“Mkalimani wake,” Térence alijibu kwa Kisweden. Hakutaja jina. Hakuna aliyeliuliza.

Hanna akasoma malalamiko kwa sauti. Alipofika mwisho, akamgeukia Rebecka. Rebecka akavuta karatasi kutoka kwenye faili, akaisukuma mbele ya Erukana, akasema upesi:

“Nilituma. Hii hapa, tarehe kumi na mbili Machi. Na siku ileile nilijibiwa. Majibu yapo hapo chini.”

Wote wakamtazama mkalimani.

Erukana hakuweza kuisoma ile karatasi. Kisweden chake kiliishia kwenye oda, bei na siku za wiki. Alimtazama Térence kama mtu anayesubiri dawa.

“Anasemaje?”

Térence akaikunja pembe ya ile karatasi. “Anasema… anasikitika sana kwa yaliyokupata.”

Msomaji, hiyo ilikuwa dhambi nyingine, na hii aliifanya mchana kweupe, mbele ya macho ya aliyetendewa.

“Kusikitika hakunirudishii sakafu,” Erukana alisema. “Mwulize, alituma au hakutuma?”

Térence akageuka kwa Rebecka. “Anasema haikumbuki barua hiyo.”

“Lakini mtu alijibu!” Rebecka alinyoosha kidole kwenye karatasi. “Mwulize ni nani aliyejibu!”

“Anauliza kama una jambo jingine,” Térence alimwambia Erukana.

Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Alikuwa amesimama katikati ya watu wawili waliokuwa wanasema ukweli, na kila ukweli ulipopita kinywani mwake ulitoka umeoza.

Hanna aliweka kalamu chini. “Tuwe wazi. Mlalamikaji anasema mfanyakazi wangu ameghushi kumbukumbu. Hilo ni jambo zito. Akishikilia malalamiko yake, Rebecka ataondolewa kazini leo wakati tunachunguza. Bado yuko kwenye majaribio. Sidhani kama atarudi. Tafadhali mtafsirie.”

Hilo Térence alilitafsiri lote, neno kwa neno. Lilikuwa la kwanza kulitafsiri sawasawa tangu waingie.

Erukana akakunja uso. Akamtazama yule msichana. Rebecka alikuwa amegeukia dirishani, kidevu kinacheza.

“Wanamfukuza?”

“Ndiyo.”

“Leo?”

“Leo.”

Erukana alisugua vidole vyake vilivyokauka kwa chumvi ya miaka mingi.

“Sikuja kumfukuzisha mtoto wa mtu,” alisema mwisho. “Mwambie hivi, Térence, na umwambie vizuri. Sitaki kazi yake. Nataka aseme tu: nilikosea. Kila mtu anaweza kusahau, kila mtu anaweza kuogopa. Akisema ukweli, mimi namsamehe hapa hapa kwenye kiti hiki, na hilo lalamiko nalichana. Lakini aniambie akinitazama machoni.”

Térence akafungua mdomo kutafsiri.

Akaufunga.

Alijaribu tena. Maneno ya Kisweden alikuwa nayo yote, yamejipanga. Lakini alikuwa anatakiwa kumwambia msichana asiye na kosa kwamba kosa lake litasamehewa, na anayemwambia ni mwenye kosa.

“Anasema nini?” Rebecka aliuliza.

Térence akamtafsiria. Yote. Polepole. Na alipofika kwenye maneno kila mtu anaweza kuogopa, sauti yake ilikatika, Hanna akainua kichwa.

Rebecka alifuta jicho kwa nyuma ya mkono. Kisha akamtazama Térence, si Erukana. Akaivuta ile karatasi, akasoma mstari wa mwisho, akamtazama tena.

“Hukutuambia jina lako,” alisema. “Unaitwa nani?”

Angeweza kusema jina lolote, msomaji. Hakuna aliyekuwa na kitambulisho chake. Hata jina la uongo lingempitisha mlangoni, akapanda lifti, akaenda zake.

“Naitwa Térence,” alisema.

Chumba kizima kikanyamaza. Erukana peke yake ndiye ambaye hakuelewa kwa nini.

“Kuna nini? Mbona wananyamaza?”

Térence akakigeuza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Akasema kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa yao wote wawili kwa sababu haikuwa ya mama wa yeyote kati yao.

“Alituma, Erukana. Barua niliipata. Nikajibu, jina langu liko pale. Halafu nikainyamazia. Niliambiwa hela za mkoa zinakwisha, nikataka langu litangulie. Leo hapa nimekutafsiria uongo. Huyu dada hana kosa lolote.”

Erukana akaitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma.

“Uliipata lini?”

“Siku ileile. Asubuhi.”

“Tarehe kumi na mbili Machi.” Erukana alikuwa anatafuta kitu kichwani mwake, na alipokipata, macho yake yakawa madogo. “Siku hiyo mjukuu wangu alitimiza mwaka. Jioni ulikuja kwangu.”

“Nilikuja.”

“Ulikula.”

“Nilikula.”

“Eseza alikuomba uombee chakula.”

Térence alifunika uso wake.

“Ukaomba,” Erukana alisema, sauti imeshuka kabisa. “Nakumbuka. Ulisema, Bwana, ibariki kazi ya mikono ya ndugu yangu.”

Hanna na Rebecka hawakujua Kiswahili hata kidogo, lakini Hanna aliinuka akaenda kumimina maji, na Rebecka akaanza kulia kweli.

*

Yaliyofuata yalikuwa ya karatasi, na karatasi hazina machozi.

Hanna alieleza kwamba faili la Erukana laweza kufunguliwa upya iwapo kosa halikuwa la mwombaji. Ilihitajika taarifa iliyosainiwa na mhusika, leo, kabla ya saa sita. Ruzuku ya Térence nayo ingechunguzwa tangu mwanzo. Mashine zingeweza kurudishwa. Na suala la kumtafsiria mtu uongo mbele ya maofisa wa serikali, Hanna alisema, hakuweza kuahidi kwamba lingeishia kwenye chumba hiki.

Térence aliandika ukurasa mmoja na nusu. Hakujitetea popote. Alipomaliza aliutafsiri kwa Erukana, na safari hii Rebecka alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, kuhakikisha hakuna uliorukwa.

Akasaini.

Alidhani moyo ungekuwa mwepesi. Watu husema hivyo, eti ukisema kweli mzigo unashuka. Wake haukushuka. Ulibadilisha tu mahali pa kukaa.

Mbele ya lifti, Erukana alisimama akivifunga vifungo vya koti lake la kanisani kimoja kimoja.

“Panda gari,” Térence alisema. “Nikupeleke.”

“Gari lako sipandi.”

“Erukana…”

“Sikiliza. Nilisema pale ndani kwamba anayesema ukweli nitamsamehe. Sikujua nilikuwa nasema na nani. Usinidai neno hilo leo.” Lifti ikafunguka, hakuingia. “Eseza yuko Hässelby, anasafisha matumbo ya harusi ya Jumamosi. Mimi simwambii. Mdomo wangu hauwezi. Utamwambia wewe, kwa mdomo uleule uliombea chakula chake. Mimi nakuja na treni, kituo kwa kituo. Nikifika nataka nikute anajua.”

*

Saa saba kasorobo Térence alisukuma mlango wa kulia. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango ule. Leo alibisha kwanza.

“Nani anabisha kama mkaguzi?” Eseza alicheka. Alikuwa ameinamia beseni kubwa, mikono imezama mpaka viwiko, aproni ya plastiki kifuani. “Shemeji! Mbona peke yako? Mwenzako umemwacha wapi?”

“Anakuja na treni.”

“Na treni, na gari unalo?” Alimtazama vizuri. Kicheko kikapungua. “Wametukatalia.”

“Hapana. Faili linafunguliwa upya.”

“Linafunguliwa!” Eseza aliinua mikono, maji yakamwagika sakafuni, ile sakafu yenye nyufa iliyotajwa na mkaguzi. “Mungu ni mwema! Basi mbona uso wako uko hivyo? Yule msichana amekiri?”

“Yule msichana hana kosa, shemeji.”

Kisha akasema. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akasema yote kuanzia saa tatu ya asubuhi ile ya Machi. Mchoro kwenye droo. Simu. Siku ya kumi na nne, chakula cha mchana, jioni. Mstari alioruka. Uongo wa leo. Hakuacha kitu.

Wakati anasema, Eseza alirudisha mikono yake ndani ya beseni akaendelea kusafisha. Alisafisha kipande kimoja tu, kilekile, akakigeuza na kukigeuza. Térence alipofika kwenye sala ya mezani, mikono ikasimama.

“Mume wangu amekuwa akiamka saa kumi alfajiri kufanya mazoezi,” Eseza alisema. Hakupaza sauti. “Anapanda na kushuka ngazi za jengo letu. Ghorofa saba. Anasema anataka miguu yake izoee kusimama siku nzima kwenye mstari wa kiwanda, vijana wasimcheke. Ulikuwa unalijua hilo?”

“Sikulijua.”

“Sasa unalijua.”

Térence alipiga magoti kwenye maji ya baridi. “Eseza, sikuombi unisamehe. Nimekuja tu ili…”

“Inuka. Sijasema upige magoti.” Alitoa mikono kwenye beseni, akaifuta kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole. “Unajua, shemeji, ulipobisha nilikuwa naongea na mtu. Mikono yangu ilikuwa imelowa. Simu sikuikata.”

Akainua kidevu kuelekea kwenye rafu.

Pale, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, simu ilikuwa inawaka. Sekunde zilikuwa zinahesabika kwenye kioo, na juu yake kulikuwa na picha anayoijua, kitenge cha njano, tabasamu la siku ya ubatizo wa Annick.

“Mama Annick?” Térence alinong'ona.

Simu ilipumua. Leo zamu yake ilikuwa ya asubuhi; kwa mbali ilisikika kengele ya wadi, na viatu vya mpira vikipita kwenye korido ya Flemingsberg.

“Sisemi na wewe,” ilisema sauti ya Emérithe. “Eseza. Dada yangu. Uko hapo?”

“Niko.”

“Kaa chini kwanza.”

“Nimesimama, na nitasimama. Sema.”

“Kompyuta ile ni ya nyumba nzima,” Emérithe alisema, na kila neno lilitoka kama linang'olewa. “Barua hiyo niliiona mwezi Machi. Nilijua. Siku zote hizi nilijua.”

Eseza alivuka maji, akampita Térence, akaufikia mlango wa kulia, akaufunga kwa ufunguo kutoka ndani. “Mume wangu haingii hapa kabla sijasikia yote.”